Presha ya Ogada

Ogada aliacha chumvi kwa sababu yangu. Wanaume wengine huacha pombe, wengine huacha marafiki wabaya, lakini huyu wangu, Mjaluo aliyelelewa kwa omena, wale dagaa wa ziwani, na samaki, aliacha chumvi kabisa, akawa anakula sukuma wiki ya kuchemsha tu na kusema ni tamu. Nasema huyu wangu, na wakati huo hakuwa wangu. Usiniharakishe, nitafika huko. Aliyemwachisha chumvi ni mimi Naliaka, mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa pili hapa Nakuru, niliyekuwa nimeanguka mtihani wa kupima presha na bado nilikuwa na mdomo wa kuwaambia watu wale nini.

Ndiyo, nilianguka kupima presha. Ucheke tu, hata mimi ningecheka kama si mimi. Chuoni kwetu kuna stethoskopu moja yenye masikio ya watu wawili. Mwanafunzi anavaa yake, mwalimu anavaa yake, na bomba linalogusa mkono wa mgonjwa ni lile lile moja, kwa hivyo unachosikia wewe naye anakisikia. Siku ya mtihani nilikuwa nimekesha nikimeza kitabu kizima, na asubuhi kichwa kilikuwa kimejaa lakini masikio yamelala. Mgonjwa sikumsalimia. Mikono sikunawa. Nikafinya mpira, mshale ukapanda, ukashuka wote hadi chini, na mimi sijasikia kitu. Basi nikataja nambari ya kubuni, nambari nzuri ya mtu mwenye afya yake.

Mwalimu Chepkirui akavua yake masikioni polepole.

"Umeisikia wapi hiyo, Naliaka?"

Nikapewa nafasi ya kurudia mwisho wa muhula, na nikaambiwa wazi kwamba nikianguka tena narudi darasa la nyuma, wenzangu waende mwaka wa tatu wakiniacha. Mama yangu huuza mahindi na maharagwe sokoni, na hakuna mteja hata mmoja ambaye hajaambiwa kwamba binti yake ni sista. Wengine walishaanza kuniletea vidonda vya watoto wao nivitazame. Sasa ningewaambia nini hao watu? Na Mama mwenyewe ningemwambia nini?

Mwalimu Chepkirui ni mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, lakini hakunifukuza. Alinisimamisha katika chumba cha mazoezi, kando ya ile sanamu ya mgonjwa ambayo wanafunzi huiita Mzee Kimya, akanipa dawa yangu.

"Kwanza ulale," akasema. "Mtu asiyelala hasikii. Pili, usome kidogo kila siku, usingoje wiki ya mtihani. Usisome peke yako. Na kila unachofanya ukiseme kwa sauti, kwa Kiswahili cha nyumbani, mbele ya mtu asiyejua chochote. Ukiweza kumweleza fundi wa vitanda, utaweza kunieleza mimi."

Sauti ikatoka chini ya kitanda kilichokuwa kimevunjika mguu.

"Fundi wa vitanda yuko hapa, mwalimu. Na hajui chochote."

Akajitokeza kinyumenyume, kwanza viatu, kisha ovaroli iliyotobolewa na cheche, mwisho uso. Ndivyo nilivyomjua Ogada. Hakuwa mzuri wa kuandikwa kwenye kalenda, nisikudanganye. Lakini alikuwa na macho ya kumtazama mtu hadi mtu amalize anachosema, na mimi nimekulia katika nyumba ambayo kila mtu anamkatiza mwenzake, hivyo macho kama hayo sikuwa nimeyazoea.

Banda lake la kuchomelea vyuma liko ng'ambo ya barabara, nyuma ya chuo. Nikaanza kwenda huko kila saa ya chakula cha mchana na mashine yangu ya presha begani. Siku ya kwanza nilimwambia kazi ya muuguzi huanza kwa kunawa mikono. Yeye akadhani ni kwa mgonjwa pia, akanawa kwa sabuni ya kipande hadi kwenye viwiko, na tangu siku hiyo hakuacha. Nilikuwa namkuta ameshanawa, ameshakaa kwenye stuli, mgongo ameuegemeza nguzo, miguu chini vile nilivyomfundisha.

"Naitwa Naliaka, ni mwanafunzi wa uuguzi," nilikuwa nikianza. "Nitakupima presha. Haina uchungu, mkono utabanwa kidogo tu. Unakubali?"

"Nakubali."

Alivyolisema hilo neno ungedhani tuko mbele ya padri. Ningemwambia asinichekeshe, naye angeapa kwamba hachezi.

Alikuwa mtu wa maswali. Mbona nisifunge ule mkanda juu ya shati? Mbona asikunje miguu? Hizo sauti mbili ninazozisikia zinatoka wapi, ni moyo wenyewe ama ni damu ikigonga mlango? Swali nililolijua nilimjibu. Nisilolijua nililibeba hadi kwa Wangechi, rafiki yangu ambaye tunasoma naye, tukalitafuta kitabuni pamoja, na kesho yake nikarudi na jibu. Nilijifunza mengi katika lile banda kuliko katika usiku wote niliowahi kukesha. Nikawa nalala mapema, naamka na akili zangu, na somo la jana nalikuta bado liko.

Sasa ule mkono. Ulikuwa mkono wa kushoto, mgumu, wenye makovu madogo ya cheche kuanzia kifundo hadi juu, na ulinukia chuma na sabuni. Kabla ya kuweka stethoskopu lazima uutafute mshipa kwa vidole viwili, pale ndani ya kiwiko. Nilikuwa nikiupata siuachi mara moja, na sababu ya kutouacha haikuwa ya kitabuni. Nikiinua macho namkuta ananitazama. Nikiyashusha najua bado ananitazama. Mimi ningejitia kukaza mkanda, yeye angejitia kuuliza swali jingine.

Mama alishtuka mapema kuliko mimi. Alisikia jina la Ogada likitajwa mezani mara nyingi mno, jioni moja akaweka sahani chini na kuniuliza huyo ni mgonjwa ama ni mgeni. Nikasema ni mgonjwa wa mazoezi. Akanikumbusha binamu yangu aliyeacha chuo akamfuata mwanamume hadi Kamere, kule ziwani. Leo binamu anafunga maua kwenye mashamba ya huko, na mwanamume hayuko. Si kwamba kazi ya maua ni mbaya, Mama alisema, ila si hiyo aliyoiota. Na huyo wa kuchoma vyuma naye, macho yake yatakuwa yamechoka kabla nywele hazijaota mvi, nani atamshika mkono kumvusha barabara?

"Mwanamume wa kweli atakungoja, Naliaka," akasema. "Mtihani haungoji."

Nikamwahidi kwamba hakuna mapenzi hadi niupite ule mtihani. Niliahidi kwa moyo wangu wote, na kesho yake saa ya chakula cha mchana nilikuwa mbio kuelekea bandani.

Lakini kulikuwa na jambo lililoninyima raha. Presha ya Ogada ilikuwa juu. Mara ya kwanza nilipata mia moja hamsini na mbili kwa tisini na nne. Nikasema labda alikuwa ametoka kuinua chuma. Kesho yake nikamwacha apumzike dakika tano nzima kwanza, na bado ilikuwa juu. Kesho kutwa juu. Wiki nzima juu. Kijana wa miaka ishirini na saba! Nikamwachisha chumvi, nikamwachisha chai nzito, nikamwambia aende kliniki akapimwe na watu waliohitimu. Akasema ataenda. Nikimuuliza siku ya pili, ananiambia, "Si wewe upo?"

Nikawa namwombea. Nikilala namwona ameanguka kando ya mtungi wake wa gesi na hakuna mtu wa kumwinua. Kila siku swali langu la kwanza lilikuwa kama amekula chumvi jana, na kila siku alinijibu kwa upole kwamba hajaionja, huku akinionyesha kopo lake la mboga.

Basi ikafika wiki ya mtihani. Ulikuwa uwe Ijumaa. Jumanne Wangechi akasema leo twende wote, anisikilize nikifanya, anirekebishe. Nikafanya yote vizuri, hakuona kosa. Nikataja nambari yangu, ile ile ya juu. Wangechi akainua nyusi. Akaomba ajaribu na yeye.

Akamfunga mkanda. Akasikiliza. Akaniangalia.

"Mia moja na kumi na nane kwa sabini na sita," akasema.

Nikamwambia arudie. Akarudia, ikawa hivyo hivyo. Nikamnyang'anya mashine nikapima mimi, mkanda ukiwa bado una joto la mkono wa Ogada, na mimi nikapata mia moja na hamsini. Wangechi akanitazama vile watu hutazama mtu aliyefiwa. Alitaka kusema neno zuri, nikaona likikosa njia, mwisho akasingizia kwamba kuna mtu anamngoja wodini, akatuacha.

Nikaanza kukunja vifaa vyangu. Kwa hivyo hivi ndivyo nilivyo, nikajiambia. Mara ya kwanza sikusikia kitu, na sasa nasikia vitu ambavyo havipo.

"Unaenda wapi?" Ogada akauliza.

"Kumwambia mwalimu nisifanye huo mtihani. Heri nirudi darasa la nyuma nikiwa nimejirudisha mwenyewe."

"Masikio yako ni mazima, Naliaka."

"Unajuaje wewe?"

Akaivua kofia yake, akaitazama ndani kama kwamba jibu liko humo.

"Nilienda kliniki," akasema.

"Lini?"

"Ile wiki ya kwanza uliponiambia. Walinipima. Wakasema niko sawa kabisa."

Nikaketi. "Na chumvi?"

"Chumvi niliacha tu."

"Kwa nini uache chumvi na huumwi?"

"Kwa sababu ulikuwa unakuja kila siku kuniuliza kama nimeacha."

Nje upepo wetu wa Nakuru ulikuwa unarusha vumbi hadi kwenye mabati. Akaendelea kwa sauti ya chini, polepole, akiwa bado ameishika ile kofia. Alisema yule muuguzi wa kliniki alimpima, mwanamke mzuri tu, na mshale haukushtuka. Wangechi amempima sasa hivi, mshale haukushtuka.

"Ukinigusa wewe ndio moyo unafanya hivyo," akasema. "Sikujua ningekwambia vipi. Nikaona nikisema mimi ni mzima, utatafuta mgonjwa mwingine."

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Wasichana wengine wangelia kwa furaha. Mimi nilikasirika hadi nikaona giza. Na katikati ya hiyo hasira ndipo nilipojua kwamba nampenda. Nilimpenda vibaya sana, na sikuwa na mahali pa kuiweka hiyo habari, Ijumaa ikiwa mlangoni na ahadi ya Mama ikiwa kifuani.

"Nimekuombea usife," nikamwambia. "Unanielewa? Nimepiga magoti nikikuombea, na wewe unajua huumwi."

"Naliaka, samahani."

"Ungeniambia ukweli, leo ningejua kosa si langu. Sasa sijui. Maneno matamu kila mwanamume anayo, Ogada. Nitaenda kwa mwalimu nimwambie nini? Nimwambie usihesabu nambari zangu, mgonjwa ananipenda?"

Macho yake yale ya kungoja mtu amalize yalikuwa yamejaa maji, na mimi nikaona nikiyatazama zaidi sitatoka mle ndani. Nikatupa begi begani. Nikamwambia asinipigie simu wala asinifuate hadi mtihani upite.

"Na nikikungoja?"

"Sijasema ungoje."

Nikavuka barabara bila kuangalia magari. Dereva mmoja akanitukania mama yangu, nikamwona ana haki.

Sikumkimbilia mwalimu kujitoa. Nilikwenda, ndiyo, lakini nilipofika mlangoni kwake nilianza kulia, na Mwalimu Chepkirui hapendi watu wanaolia mlangoni, wanazuia njia. Akaniingiza. Nikamweleza kila kitu, hata sukuma wiki. Alisikiliza bila kucheka, ingawa nadhani kitu kilimcheza mdomoni. Kisha akachukua ile stethoskopu ya masikio ya watu wawili, akaniambia nimfuate.

Tukaanza na mlinzi wa lango. Mimi nikapima, yeye akasikiliza nami, nikataja nambari, akaitikia kwa kichwa. Tukaenda kwa mpishi, mama mmoja mnene ambaye mkanda ulimtosha kwa shida, nikataja, akaitikia. Tukamkamata mzee aliyekuwa akifagia majani uani. Nilipomaliza mwalimu akavua yake masikioni.

"Masikio yako hayana shida. Huyo mgonjwa wako unampumzisha kwanza?"

"Dakika tano, mwalimu. Miguu chini, mgongo umeegemea."

"Na hizo dakika tano anamwangalia nani?"

Mzee wa ufagio akacheka, akageukia majani yake.

"Kosa lako," akasema Mwalimu Chepkirui, "ni kupima mkono mmoja tu. Muuguzi hachagui mkono. Pima wanene, pima wembamba, pima wanaokuogopa na wanaokupenda. Na ukiipata iko juu, usimhukumu mtu kwa mara moja. Muulize ana nini moyoni. Mwache atulie, upime tena. Hilo ulilikosea tangu mwanzo, na ndilo nitakalolitafuta Ijumaa."

Jumatano na Alhamisi nilihamia sokoni. Mama alitoa mkono wake wa kwanza, akiwa ameketi juu ya gunia, na wenzake wa vibanda vya jirani wakajipanga nyuma yake huku wakitaniana nani atakutwa na presha ya wivu. Nilisema kila hatua kwa sauti. Kwa kila mmoja nilinawa, nilijitambulisha, niliuliza jina lake hata kama nilimjua tangu utotoni. Kufikia jioni, Mama alikuwa akinikumbusha yeye mwenyewe nisimwache mteja akunje miguu.

Tukiwa tunafunika magunia akaniuliza, bila kunitazama, mbona fundi hapimwi tena. Nikamweleza. Sikutaka kumficha, nilikuwa nimechoka na mambo ya kufichwa. Nikamwambia tumekosana, na kwa nini, na kwamba ahadi yake haijavunjwa.

Mama akasimama na kamba mkononi.

"Muda wote huo bila chumvi?"

"Ndiyo, Mama."

"Mjaluo?"

"Ndiyo, Mama."

Akatikisa kichwa kwa muda mrefu. Kisha akaniambia twende nyumbani nikalale, mtu asiyelala hasikii. Alikuwa ameyashika maneno ya mwalimu kwa kunisikia nikiyarudia.

Ijumaa mgonjwa niliyepewa alikuwa bibi mmoja wa Njoro, aliyeombwa kutoka foleni ya kliniki. Nikamsalimia. Nikanawa. Nikamweleza nitakachofanya, akakubali, lakini macho yake yalikuwa dirishani. Mwalimu Chepkirui akavaa masikio yake kando yangu. Nikafinya mpira, nikaiachia hewa kidogo kidogo, na sauti ikaja wazi kabisa, mapema, juu sana. Mia moja na sitini na kitu.

Moyo wangu ukaniambia, haiwezekani, taja ndogo. Yule Naliaka wa kwanza angetaja ndogo. Nikaitaja vile nilivyoisikia. Mwalimu hakutingisha hata ukope.

Nikaweka mpira chini nikamgeukia yule bibi.

"Mama, kuna jambo linakusumbua leo?"

Akaniangalia kwa mara ya kwanza. Akasema mjukuu wake amelazwa wodi ya watoto tangu jana, na asubuhi hii hakuna mtu aliyemwambia kitu, na sasa yuko hapa amekaa kwenye kiti na hajui mtoto yuko hai ama vipi. Nikamwahidi kwamba tukimaliza tu nitampeleka wodini mimi mwenyewe, tuulize pamoja, sitamwacha hadi tujibiwe. Kisha nikamwomba mwalimu ruhusa ya kumpumzisha nipime tena. Tukakaa. Sikumsemesha, nilikaa tu karibu naye. Mabega yake yakashuka taratibu. Nilipopima mara ya pili mshale ulikuwa umeshuka sana, nikaitaja hiyo pia.

Mwalimu Chepkirui akavua yake masikioni polepole, kama siku ile.

"Umeisikia wapi hiyo, Naliaka?"

"Mkononi mwake, mwalimu."

"Na kwa nini ulingoja?"

"Kuna mtu namjua, presha ilikuwa inampanda na hakuwa mgonjwa."

Akaandika. Aliandika kwa muda ambao kwangu ulikuwa mwaka. Akaniambia nimpeleke bibi kwa mjukuu wake kama nilivyoahidi, wodi haipendi watu wasiotimiza. Nilipofika mlangoni akaongeza, akiwa bado ameinama, "Umepita."

Mjukuu tulimkuta amekaa kitandani anakula ndizi. Bibi alimshika miguu akalia, na mimi nikalia naye, wala sijui nililia kwa ajili ya nani.

Nikakimbia sokoni. Mama aliponiona uso alijua, akanirukia mbele ya wateja, akawatangazia tena kwamba binti yake ni sista, kama kwamba walikuwa wamesahau. Halafu akainama chini ya meza akatoa bakuli lililofungwa kwa kitambaa. Lilikuwa na joto, na harufu ya omena na nyanya ikanifikia kabla hajalifungua. Alikuwa ameipika asubuhi, kabla hata sijaingia mtihani.

"Mpelekee yule mtu," akasema. "Nimetia chumvi."

Nikabaki nimelishika.

"Usinitolee macho. Umwambie mwaka wa tatu nao una mitihani, na huo wa nne nao. Kama anajua kungoja, angoje. Kama hajui, anirudishie bakuli langu."

Nilimkuta Ogada ameketi kwenye stuli yake, moto umezimwa, kazi haifanyiki. Kopo la sukuma lilikuwa kando yake halijaguswa. Aliniona akasimama, akaketi, akasimama tena.

"Umepita?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akafunika uso kwa mikono miwili. Nikampa bakuli, nikampa na ujumbe wa Mama neno kwa neno. Akala tonge la kwanza akafumba macho. Akasema bakuli Mama atalipata likiwa limeoshwa, na yeye mwenyewe ndiye atakayelipeleka, na atangoja miaka yote ambayo vitabu vitataka.

Ilikuwa zamu yangu sasa ya kusema. Nilikuwa nimejipanga njia nzima. Nilitaka kumwomba msamaha kwa yale maneno ya Jumanne, nimwambie na lile lingine kubwa zaidi. Na mimi, mwenye mdomo wa kuwaachisha watu chumvi, mdomo wote ukanikauka. Basi nikatoa mashine begani, nikaiweka magotini mwake. Nikavuta kiti cha chuma, nikakaa, nikaegemea nguzo, nikaweka miguu chini. Nikakunja mkono wa sweta.

Akaelewa. Akaenda akanawa hadi kwenye viwiko. Akarudi akapiga goti moja mbele yangu.

"Naitwa Ogada," akasema. "Mimi ni fundi wa vitanda, sijui chochote. Nitakupima presha. Haina uchungu, mkono utabanwa kidogo tu. Unakubali?"

"Nakubali."

Akaniambia nipumzike kwanza. Nikapumzika huku nikimtazama, maana hakuna mahali pengine palipokuwa na maana ya kutazamwa. Akautafuta mshipa kwa vidole viwili, akaupata, hakuuacha mara moja. Akafunga mkanda, akavaa stethoskopu, akafinya mpira kwa uangalifu vile nilivyomwonyesha mara nyingi, akasikiliza hadi mwisho. Darasani Wangechi hunipima kila wiki, na sijawahi kuvuka mia moja na kumi na tano.

"Mia moja na arobaini na nane," akasema kwa sauti ndogo. "Iko juu, sista."

"Nimetembea haraka kutoka sokoni."

"Basi tungoje kidogo, tupime tena."

Tukangoja, mkono wangu ukiwa mkononi mwake. Akapima tena. Haikushuka.